Unataka kujiundia trela ya kulala? Hizi ndio njia tano za kupata msingi, kutoka ya kununua hadi ya kukimbia

Kama unafikiria kujiundia katrela ka kulala, ka kukupeleka Naivasha ama Olorgesailie wikendi bila kulipia hoteli, usianze na picha za makabati na taa za rangi. Boksi ya juu ni mbao na mabati tu, hio fundi yeyote wa Gikomba anaweza, ama wewe mwenyewe na drili. Pesa na kichwa vinaumia huku chini, kwa ekseli, chasisi na karatasi. Kwa hivyo hapa sijapanga trela kwa urembo, nimepanga njia za kupata msingi, kuanzia ile ningemwambia ndugu yangu anunue hadi ile ningemshika mkono asinunue.

Bei sitaweka. Chuma kinapanda kila ukigeuka, na fundi anakuangalia viatu kwanza ndio akutajie. Vipimo nitakupa, hesabu ufanye mwenyewe.

NAMBA MOJA: trela ndogo ya mizigo, used, na logbuku (hati ya umiliki) mkononi

Hizi ziko nyingi kuliko watu wanavyodhani. Zile zilikuwa zinabeba jenereta, tangi za maji, mahema na viti vya harusi. Inakuja tayari na namba yake ya Z, maanake trela hapa Kenya ina plate yake haitumii ya gari, na hio peke yake inakupunguzia safari nyingi. Ukinunua, transfer inafanywa mtandaoni na muuzaji mwenyewe lazima akubali kwa akaunti yake, so mtu akikuambia logbuku iko kwa mjomba wake ushago, chukua tu trela tutamalizana, achana na yeye hapo hapo hata kama bei ni ya kutupa.

Ukienda kuiona vaa nguo ya kuchafua, ulale chini. Angalia mahali mkono wa kuvutia unaungana na fremu, hapo ndio hupasuka kwanza, na rangi mpya mahali hapo pekee ni ya kutiliwa shaka. Piga jeki zungusha gurudumu, ikilia kama inasaga mchanga beringi imeenda. Shika tairi juu na chini uitingishe. Tairi ikiwa imelika upande wa ndani tu, ekseli imepinda, na ekseli iliyopinda haina dawa ya bei rahisi. Pia soma tarehe ya tairi, zile namba nne za mwisho kwa DOT, maandishi ya ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Trela hukaa sana kwa jua bila kutembea kwa hivyo tairi inazeeka hata kabla ilike, unaona makucha yote yako na ubavu umejaa nyufa. Halafu namba ya chasisi, ile imegongwa kwa chuma, uilinganishe na logbuku herufi kwa herufi.

Ikiwa sakafu yake ni futi nne kwa nane, umeipata. Plaiwudi inauzwa futi nne kwa nane, hukati kitu. Na godoro la 4 kwa 6 linaingia likuachie futi mbili nyuma za jikoni. Ila mwambie fundi kuta zishuke nje ya sakafu, zisikae juu yake, sababu zikikaa juu zinakula upana na godoro linaanza kujikunja.

NAMBA MBILI: fremu mpya ya jua kali

Kariobangi Light Industries ama karakana za Industrial Area. Ukitaka kipimo chako kabisa hii ndio njia, na kusema ukweli kazi ya mafundi wetu ni safi ukiwasimamia. Kwa futi nne kwa nane unahitaji kama urefu tatu wa skwea tyubu ya 50 kwa 50, unene milimita 3, kila urefu ni mita 6 na uzito wa kilo 26 hivi. Nunua tyubu wewe mwenyewe, na uende na kipimo, kwa sababu kuna "milimita tatu" na kuna milimita tatu. Nyembamba itashikilia vizuri tu hapa Thika Road, ikifika rafu rodi ndio inaanza kufunguka kwa mashono.

Mkono wa kuvutia uwe wa tyubu mbili zenye umbo la A, na zisiishie kwa ukingo wa mbele wa fremu, zipite chini yake zirudi nyuma zikutane na braketi za springi. Hii watu wengi wanaruka kuokoa chuma kidogo. Na springi za majani zisichomelewe wala kupashwa moto, zifungwe na bolti zake, moto unaua ule ugumu.

Uzuri mwingine wa mpya ni unaagiza ekseli yenye habu zinazolingana na gari lako. Probox ni matundu manne kwa duara la milimita 100, ndio 4x100. Prado na Hilux ya 4x4 ni sita, 6x139.7. Zikilingana (na saizi ya tairi pia), spea moja inatosha gari na trela, na ukipata panchari Magadi saa kumi na moja jioni utanishukuru.

Mbona basi iko namba mbili? Karatasi. Trela mpya lazima ikaguliwe na isajiliwe na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ndio iguse barabara. Kabla ya kutoa deposit muulize fundi kama kuna trela yake yoyote imewahi kupewa namba na akuonyeshe, na risiti zote za chuma na ekseli weka. Akianza kuzunguka, rudi namba moja.

NAMBA TATU: trela ya kawaida, hema juu

Kama mfuko ni mfupi kabisa. Trela inabaki ya mizigo wiki nzima, Ijumaa unaweka fremu ya bomba na turubai ama hema la juu ya gari. Nyepesi, haishiki upepo ikiwa imekunjwa, na ukichoka na kambi unauza trela kama trela. Ubaya ni baridi. Julai kule Naivasha usiku turubai halikusaidii sana, na likikunjwa mbichi siku mbili linaota ukungu. Ukiwa na watoto wadogo nenda zile mbili za juu.

NAMBA NNE: mkia wa pickup

Hii ndio kila mtu anakushauri kwa sababu iko karibu, unaenda Kirinyaga Road ama kwa yadi yoyote ya magari yaliyogongwa unapata nyuma ya pickup imekatwa nusu na springi zake. Ina nguvu, hilo sikatai. Lakini uzito jamani! Unavuta ekseli yenye difu ndani ambayo haifanyi kazi yoyote, na springi zilizoundwa kubeba tani, so ukiweka kaboksi ka kilo mia tatu juu haziinami kabisa, trela inaruka kama mbuzi na kila sahani ndani inavunjika. Unaweza kutoa difu na kupunguza majani ya springi, sawa, ila sasa unalipa fundi pesa ya kutosha kununua ekseli mpya. Na ile chasisi ilikuwa ya gari lingine lenye logbuku yake. Iko wapi?

NAMBA TANO: karavani ya zamani ya Ulaya

Hapana. Iliundiwa lami laini, tumbo liko chini, na mbao za ndani zikishaingia maji zinaoza nyuma ya ukuta usione. Bonyeza kona za chini na kidole, kikiingia enda nyumbani.

Sasa ukishapata msingi, mambo ya kutumia pesa kabla ya pazia. Kwanza boli ya kuvutia, ule mpira wa chuma nyuma ya gari. Iko ya milimita 50 na iko ya inchi mbili, ambayo ni 50.8, na kiungo cha 50 hakifungi vizuri kwa inchi mbili hata ukikilazimisha, kwa hivyo nunua boli na kiungo pamoja. Weka na minyororo miwili ya usalama iliyopishana chini.

Pili uzito. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ikalie boli, la sivyo trela inaanza kuyumba ukifika 80 na ukishika breki inakusukuma. Ya kilo 500 basi pua iwe na 50 hadi 75. Ipeleke kwa mizani ya wale wa vyuma kuukuu, wako kila mtaa, pima yote halafu pima pua peke yake. Kumbuka maji: jerikeni ya lita 20 ni kilo 20, mbili zikiwekwa nyuma kabisa zinainua pua. Weka juu ya ekseli ama mbele yake.

Kuhusu breki, Ulaya trela isiyo na breki mwisho wake ni kilo 750. Sisi tuko na Mai Mahiu. Kushuka ile eskapimenti, ule mteremko mkali, na lori nyuma yako inanuka breki, mimi ningependa breki hata kwa ndogo kuliko hapo, na bado ushuke na gia ya chini.

Umeme usikuchanganye. Betri ya asidi ya 12V 100Ah ni kama wati-saa 1200 lakini tumia nusu tu ukitaka idumu. Paneli ya wati 100 siku ya jua inakupa karibu wati-saa 400, Julai ya mawingu hata nusu yake ni bahati. Friji ya kompresa inaweza kumaliza zote 400 kwa siku. Kwa hivyo taa, simu na feni, basi, friji baadaye. Luthuli, ule mtaa wa maduka ya umeme Nairobi, utapata kila kitu, nunua na fyuzi iwekwe karibu na betri.

Mlango uweke upande wa kushoto, sisi tunaegesha kushoto, hutaki mtoto akitoka anaingia barabarani. Jiko la makaa lisiingie ndani hata kama baridi inauma, moshi wake usioonekana unaua watu wakiwa usingizini. Meko ibaki jikoni ya nyuma, na ukitoboa matundu ya hewa moja liwe chini kabisa karibu na sakafu, maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja inalala huko, la pili liwe juu upande wa pili.