Vishikio vya fimbo za kuvulia nilivyojitengenezea kwenye pikapu: uzoefu wangu

Nimevitumia msimu mzima sasa, kwa hiyo naweza kuvisema kwa mema na mabaya yake. Zamani fimbo nilikuwa nazilaza kwenye bodi ya pikapu pamoja na jeki, ndoo ya chambo na boksi la barafu. Siku moja nikafika majini, nikakuta pete ya ncha imevunjika kabla sijatupa mshipi hata mara moja. Nikasema basi.

Vifaa ni vya kawaida: paipu ya PVC ya inchi 2 niliyoikata vipande vinne vya sentimita 30, ubao mgumu wa kukaa nyuma ya kebini, na bolti za chuma kisichoshika kutu. Usibane pesa hapo, maana bolti za kawaida maji ya chumvi huzila upesi.

Kazi iliyonifurahisha ni midomo. Paipu iliyokatwa kwa msumeno ina makali, na hata ukipiga msasa bado inakwaruza mpini wa fimbo. Nilichemsha maji, nikachovya mdomo mpaka ukalegea, nikausukumia bega la chupa ya kioo hadi ukapanuka kama wa tarumbeta, halafu nikamwagia maji baridi. Ukabaki hivyo hivyo. PVC huanza kulainika kwenye nyuzi 80 hivi za Selsiasi, kwa hiyo maji yanayochemka yanatosha. Wanaoibabua kwenye moto wanavuta moshi wenye sumu bure.

Kila kipande nilikikata pia mfereji wa upana wa kidole kuanzia mdomoni, shingo ya rili (kifaa cha kukunjia mshipi) ikae humo. Bila mfereji huo fimbo inazunguka yenyewe njia nzima.

Kosa langu lilikuwa chini. Niliziba paipu kwa vifuniko na gundi, nikajiona fundi. Mvua ya kwanza ikazijaza maji, na mchanga ukatulia humo kama uji. Nikavikata vyote, nikapitisha bolti moja kwa ubavu kila paipu iwe kizuizi cha kitako cha fimbo. Maji sasa yanapita, mchanga unadondoka.

Upepo ndio sijaushinda. Nikifika kilomita 80 kwa saa, ncha zinapigana kama panga. Nimezilaza kidogo kuelekea nyuma na kuzifunga pamoja kwa mpira wa tyubu, imepungua lakini haijaisha. Fimbo za fibaglasi zinavumilia. Za kaboni sizithubutu: mgongano mdogo unaacha ufa usiouona, halafu inakatika siku umenasa samaki wa maana. Tena ukisahau kwamba zimesimama, tawi la mti litakukumbusha. Mimi nilikumbushwa mara mbili.

Kwa hiyo barabara kuu nazitenganisha vipande na kuziingiza ndani, ndoano nimezivua kabisa (moja ilishanasa mkono wa shati langu huku nimeshika usukani). Vishikio vinafanya kazi tukishafika, tunapohama taratibu kutoka sehemu moja ya ufuko hadi nyingine bila kufungua na kufunga vitu upya. Hapo havina mpinzani.

Jua nalo hukaukisha PVC ikawa ya kuvunjika, hivyo nimezipaka rangi. Wiki jana nimeongeza paipu ya tano. Ni ya mwavuli.