Mara tatu mbele ya vijana wanne wa roki

Niliwahi kupiga besi miaka sita katika bendi ambayo hakuna anayeikumbuka, kwa hiyo nikiingia kwenye shoo macho yangu huenda kwanza kwenye vidole vya mpiga besi, mwimbaji baadaye. Nimetangulia kulisema hilo ili mjue mnasoma maoni ya nani. Hawa chipukizi nimeshawaona mara tatu, na mara zote nimetoka nikiwasifu wale wawili wa nyuma ambao hakuna anayewapiga picha.

Shoo ya kwanza ilikuwa vurugu. Walipewa nusu saa, wa kwanza kati ya bendi nne, watu bado wanatafuta pa kusimama. Mwimbaji alikikaba kipaza sauti kana kwamba kina deni lake, kiganja kimefunika wavu wote, kisha akaenda kusimama mbele ya spika. Ule mluzi! Watu wakamkodolea macho fundi mitambo, kumbe maskini hana kosa. Kipaza sauti kikiielekea spika humeza sauti iliyotoka humo na kuirudisha ikiwa kubwa zaidi, tena na tena, mpaka mtu asogee au ashushe sauti. Ukikifunika kwa kiganja ndio unaongeza balaa, maana kinaanza kunasa sauti za kila upande. Mwimbaji alifanya yote mawili, mara tano. Nilihesabu.

Mpiga gita la solo naye alikuwa amefunga nyuzi mpya bila kuzivuta zikalegea kwanza. Kibao cha tatu sauti ya gita ilikuwa imeshateremka, naye akawa analificha kosa kwa kelele.

Nilirudi kwa nini, basi? Kibao cha nne, waya wa solo ulichomoka. Bendi changa nyingi hapo husimama, zikatazamana. Mpiga dramu hakutazama mtu. Aliinua mikono, akabaki na mguu peke yake kwenye dramu kubwa, taratibu, na binti wa besi akaja juu yake kwa noti mbili tu. Mbili! Ukumbi uliokuwa unapiga soga ukageuka kusikiliza. Solo liliporudi, liliingia kwa kishindo ambacho nadhani hata wenyewe hakikuwa kwenye mpango wao.

Shoo ya pili waliniudhi. Walikuwa wamegundua kwamba ukimya unapendwa, wakautia katika vibao vinne mfululizo, na kufika cha tatu tayari watu walikuwa wanajua lini kelele itarudi. Sauti nayo ilikuwa nzito na ya kuziba, maneno hayasikiki. Walijaribu vyombo ukumbi ukiwa mtupu, wakaacha kila kitu vilevile. Lakini watu wakijaa, miili na nguo zao hunyonya sauti nyembamba, besi ikabaki inanguruma. Lazima mtu arudi kusikiliza upya katika kibao cha kwanza.

Ya tatu, juzi, ndiyo iliyonifanya niandike. Tangu ile ya pili walikuwa wakipanda jukwaani karibu kila wiki, na ilionekana. Beatles wenyewe, kabla dunia haijawajua, walikwenda Hamburg, Ujerumani, mwaka 1960 na kupiga saa nyingi usiku baada ya usiku kwenye vilabu. Chumba cha mazoezi hakikufundishi mambo hayo. Mwimbaji sasa anashika kipaza sauti chini, kwenye mpini. Mpiga solo aliacha nafasi. Ukimya ulikuja mara moja tu, karibu na mwisho, na safari hii hatukuutegemea: mwimbaji alikuwa katikati ya sentensi. Mtu mmoja nyuma yangu alikohoa, sote tukamsikia.

Bado nina malalamiko. Maneno kati ya nyimbo ni mengi mno, na kibao chao cha mwisho kina miisho mitatu. Sauti nayo wanaifungua kupita kiasi. Wataalamu wa usikivu husema sauti yenye ukubwa wa desibeli 100 ni salama kwa takriban dakika 15, na hawa walipiga saa nzima. Nendeni na vizibo vya masikio, vile vidogo vya sponji. Muziki mtausikia vizuri tu.

Mkienda, msijazane mbele ya mwimbaji. Pembeni kidogo, upande wa besi, kuna mahali ambapo unaona mguu wa mpiga dramu na vidole vya yule binti kwa pamoja. Mtu wa kofia mtakayemkuta hapo ni mimi.