Oveni ya Safari: Hesabu Viungo Kabla ya Kulipa

Mwaka juzi nilinunua oveni ndogo ya gesi katika duka moja la vifaa vya kambi mjini Arusha, nikaipakia garini pamoja na unga, hamira na tui, tukashika njia ya Mto wa Mbu na Engaruka kuelekea Ziwa Natron. Njia ile ni ya changarawe na vumbi, na mahali pengi imejikunja kama bati, hata meno hugongana mdomoni. Tulipofika Engare Sero jioni nilifungua boksi nikakuta mlango wa oveni umechomoka, pini ya bawaba moja haionekani, na nati inayoshika mrija wa gesi imelegea kiasi cha kuzungushwa kwa vidole. Sikuthubutu kuiwasha. Mkate wa kumimina niliowaahidi watoto haukuokwa safari nzima.

Tangu siku hiyo sianzi tena na ukubwa wala nyuzijoto, kwa kuwa hayo kila mnunuzi huyaona mwenyewe dukani. Jambo lisiloonekana dukani ni mtetemo. Oveni ya nyumbani hukaa mahali pamoja miaka mingi, lakini hii ya safari husukwasukwa kilomita mia kadhaa kabla ya kuoka mkate wa kwanza: skrubu hujifungua kidogo kidogo, ribiti hupanua matundu yake katika bati jembamba, na pini ya bawaba hutambaa mpaka ikadondoka bila mtu kusikia. Kwa hiyo ninapopewa oveni mkononi nahesabu viungo vyake vyote, yaani bawaba, komeo, skrubu, mirija na nyaya, kisha naishika kwa mikono miwili na kuitikisa karibu na sikio. Ikilia dukani, barabarani itaachana. Halafu nauliza kama pini na komeo huuzwa peke yake, na mara nyingi muuzaji hunitazama kana kwamba nimeuliza jambo la ajabu.

Kwa kipimo hicho ya kwanza ni Omnia ya Uswidi, na sifichi kwamba naipendelea kuliko zote. Ina vipande vitatu tu: kitako cha chuma, chombo cha aluminiamu chenye umbo la pete, na mfuniko wenye matundu. Haina bawaba hata moja, wala komeo, wala skrubu ya kulegea. Inawekwa juu ya jiko lolote la gesi lenye mwali wa kawaida. Joto hupanda kupitia tundu la katikati na kugeuka chini ya mfuniko, ndiyo maana mkate huiva juu pia badala ya kuungua chini na kubaki mbichi usoni. Kitako kipashwe moto kwanza kwa dakika chache, kisha mwali upunguzwe, kwa sababu wanaoilaumu kwa kuunguza wengi wao huacha moto mkubwa. Inachukua takriban lita 2, hivyo kuku mzima haingii, na penye upepo mkali kama wa Natron lazima jiko likingwe. Kasoro hizo nazikubali. Nisichokikubali ni kalibu ya silikoni ya kuzuia chakula kuganda kwenye chombo kuuzwa kando kwa bei ya kuumiza.

Ya pili ni sufuria ya chuma cha kusubu yenye miguu mitatu na mfuniko wenye ukingo wa kushika makaa. Lodge, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1896, ndiyo ninayoiamini. Hapa hakuna jipya kwa mtu aliyekulia pwani, kwani kupalia makaa juu ya mfuniko ni kazi tuliyoiona kwa bibi zetu. Wamarekani huhesabu vipande vya mkaa wa kiwandani, na kwa sufuria ya inchi 12 huweka takriban 15 juu na 9 chini. Mkaa wetu haulingani vipande, kwa hiyo shika kanuni ya theluthi mbili juu na theluthi moja chini. Mtetemo hauiharibu ukiweka kitambaa kati ya sufuria na mfuniko ili visisuguane, ila ikianguka juu ya jiwe inaweza kupasuka. Ya inchi 12 ina uzito wa kilo 9 hivi, na anayesafiri kwa pikipiki aisahau.

Oveni ya Coleman ya kukunja, sanduku la bati linalowekwa juu ya jiko, naiweka ya tatu. Hukunjwa ikawa bapa, unene kama sentimita 5, na kwa njia ya lami, tuseme Dar es Salaam hadi Mbeya, itakufaa. Lakini kukunjika kwenyewe ni bawaba tupu, na kuta zake nyembamba hutoa joto lote upepo ukivuma. Usiiweke juu ya mtungi wa kilo 6 wenye jiko kichwani, maana inakaa juu mno na inaweza kupinduka.

Oveni yenye vichomeo vyake yenyewe, mfano Camp Chef, huoka vizuri, lakini imeundwa kwa chupa ya gesi ya propani ya gramu 454 inayotumika Marekani, ambayo valvu yake si ya mitungi yetu. Mafundi huunga mpira na kibano, na hicho ndicho kiungo ninachokiogopa kuliko vyote; ukikubali kuwa nacho, kipake maji ya sabuni kila baada ya barabara mbaya uone kama kinatoa mapovu. Za umeme wa gari hupashia kiporo tu: tundu la volti 12 lenye fyuzi ya ampea 10 hutoa wati 120.

Maboksi ya bei rahisi yasiyo na jina yaacheni. Mwenye fedha kidogo achukue sufuria nene ya aluminiamu yenye mfuniko bapa na apalie makaa.

Linaloniudhi zaidi ni wauzaji wanaoweka picha na kuandika “bei njoo inbox”, kisha wanakutajia dola, ilhali tangu mwaka 2025 kanuni za Tanzania zinakataza bidhaa za hapa nchini kutangaziwa bei kwa fedha za kigeni. Nilirudi kwa aliyeniuzia nikaomba pini moja. Akaniambia ninunue oveni nyingine. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea pini kwa msumari, lakini mrija wa gesi hakuna aliyekubali kuugusa, na oveni ile bado iko stoo.