SMART ya Ansys: Kufuatilia Ufa Unaokua kwa Uchovu wa Metali

Kwa anayetaka kujua kipuri chenye ufa kitahimili mizunguko mingapi ya mzigo kabla ya kukatika, SMART, zana iliyomo ndani ya Ansys Mechanical, programu ya kukokotoa uimara wa vipuri, imeondoa kazi iliyokuwa ikichosha kuliko zote, yaani kusuka upya wavu wa elementi (vipande vidogo ambamo umbo hugawanywa ili likokotolewe) kila ufa unaposogea. Programu hubadilisha wavu ulio jirani na ncha ya ufa, hatua kwa hatua, na sehemu nyingine ya umbo huachwa ilivyo.

Niliijaribu kwa bapa pana la chuma lenye ufa wa milimita 2 ukingoni, likivutwa na kuachiwa kwa mkazo wa MPa 100, kwa kuwa jibu lake hupatikana hata kwa kalamu na karatasi. Kwa kanuni ya kasi ya kukua kwa ufa waliyoichapisha Paris na Erdogan mwaka 1963, nikichukua namba zake mbili za metali, m kuwa 3 na C kuwa 6.9 × 10⁻¹², ufa huo huhitaji mizunguko ipatayo 458,000 kufika milimita 10. Kompyuta ikanipa 14,500 hivi. Kosa lilikuwa langu: C niliyoingiza ilikuwa ya mita, ilhali umbo lote nilikuwa nimelichora kwa milimita, na kwa vipimo hivyo ilipasa kugawanywa kwa 31.6. Nilipoirekebisha, majibu mawili yalikaribiana vya kutosha.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha jambo ambalo picha za rangi za programu hulificha: katika mizunguko hiyo 458,000, takriban 243,000 huishia kati ya milimita 2 na 4. Katika jaribio kama hili SMART haibuni ufa. Wewe ndiye unayeuchora na kuupa urefu, kwa hiyo fundi aliyeupima kwa mawimbi ya sauti ana uzito mkubwa katika jibu kuliko wavu wenye vipande vidogo wa namna yoyote.

Mbinu hii huichukulia metali kuwa nyumbufu tu, yaani hurudi umbo lake mzigo ukiondolewa. Pale ambapo eneo pana mbele ya ufa limekwisha kunyooka lisirudi, singeitegemea. Toleo la bure la wanafunzi lina kikomo cha nodi (pointi zinazounganisha elementi za wavu) 128,000, kinachotosha kwa bapa kama langu. Kwa ekseli nzima yenye ufa wa pembeni, wavu wa kwenye ncha peke yake utakula sehemu kubwa ya nodi hizo, hivyo afadhali kukata kipande chenye ufa na kukichambua peke yake.