Tathmini: Kibali cha Kuegesha na Kupakua kwa Vikosi vya Filamu Mjini

Huduma ninayoitathmini ni kibali cha kuegesha magari na kupakua vifaa, ambacho ofisi ya filamu ya jiji hukitoa kwa kikosi kinachopiga picha barabarani. Nimekitumia nikiwa msimamizi wa lokesheni, yaani mtu anayeandaa mahali pa kupigia picha, katika jiji moja kubwa, na ninaamini kimeandikwa na watu wanaoifahamu barabara vizuri kuliko wanavyoifahamu siku ya kazi ya kikosi cha filamu: nafasi imepimwa kwa uangalifu mkubwa, ilhali muda umeachwa kama jambo dogo.

Nianze na kinachostahili sifa. Fomu ya maombi haimruhusu mwombaji kuandika tu kwamba ana malori kadhaa. Inamtaka ataje kila gari, urefu wake, namba yake ya usajili na kazi yake, kisha achore mtaa na kuonyesha kila gari litasimama wapi na litaelekea upande gani. Yanayostahili nafasi karibu na seti, yaani mahali filamu inapopigwa, ni magari ya kazi: lori la kamera, la taa, la mavazi, pamoja na jenereta. Magari binafsi ya wafanyakazi hayamo, hata liwe la muongozaji mwenyewe. Utaratibu wa namna hiyo unafuatwa pia New York, jiji lililoanzisha ofisi yake ya filamu mwaka 1966 chini ya meya John Lindsay, na wanaoulalamikia kwamba ni mkali wangepaswa kufikiri mara mbili. Kila mmoja wetu angekuja na gari lake, mtaa ungejaa kabla lori la kwanza halijafika, na wakazi ndio wangelipia starehe yetu.

Kanuni za upakuaji ndizo zilizonivutia zaidi, kwa sababu hapo ndipo vikosi vingi hujikwaa. Kuegesha na kupakua si jambo moja mbele ya sheria. Gari linalopakua ni lile ambalo mzigo unashuka au kupanda wakati huo, dereva akiwa karibu na tayari kuliondoa. Mzigo ukiisha, gari lilelile, mahali palepale, limekuwa gari lililoegeshwa. Uingereza inalionyesha jambo hili kwa rangi: mistari miwili ya njano kandokando ya barabara inakataza gari kukaa likingoja, lakini kupakua huruhusiwa kwa muda mfupi isipokuwa pale ambapo vijistari vya njano vimechorwa pia juu ya ukingo wa njia ya miguu, na mistari miwili myekundu ya London inazuia hata kusimama. Kibali ninachokitathmini kinaitambua tofauti hiyo na kutenga sehemu mbili, yaani eneo dogo la kupakulia mbele ya seti na eneo refu zaidi la kuegeshea, ambalo linaweza kuwa mtaa wa pili.

Mpango huo ni mzuri, ila kipimo cha eneo la kupakulia kina kasoro. Kimehesabiwa kwa urefu wa lori peke yake, wakati lori lenye lifti ya nyuma linahitaji nafasi tupu ili lifti ishuke, na nafasi nyingine ya kugeuzia toroli iliyobeba stendi za taa. Lori la mita nane lililobanwa katikati ya magari mawili, ndani ya nafasi ya mita tisa, limeegeshwa kihalali kabisa na haliwezi kupakuliwa. Madereva wazoefu huelekeza mgongo wa lori kwenye mlango wa uani au mahali pengine palipo wazi, lakini haifai jambo hilo liachwe kwa busara ya dereva wakati kanuni zingeweza kuliandika waziwazi.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwenye ratiba. Kibali kinayapa magari yote muda uleule wa kuingia na uleule wa kutoka, na yeyote aliyewahi kupanga kazi ya seti anajua kwamba mambo hayaendi hivyo. Jenereta na lori la taa hutangulia, kwa kuwa nyaya lazima zitandazwe na taa zisimikwe kabla kamera haijatolewa sandukuni, na lori la chakula linaweza kuja baadaye sana. Jioni watu wa kamera huondoka mapema, na wale wa taa, waliotangulia kufika, ndio wa mwisho kumaliza kukunja nyaya. Malori yote yakiruhusiwa kuingia pamoja, huingia pamoja, na lile lisilohitajika hadi mchana hukalia mahali pazuri kuliko lile linalosubiriwa na kila mtu. Kama kibali kingegawa muda kwa makundi, mtaa ungebanwa kwa saa chache kuliko sasa na wakazi wangerudishiwa mapema sehemu ya nafasi yao.

Wakazi hao ndio upande wa pili wa mkataba huu, ingawa hawakuutia saini. Tunatakiwa kubandika matangazo ya kuzuia maegesho siku mbili kabla, kipindi ambacho ni cha haki kwa mtu anayetumia gari lake kila siku, na kifupi mno kwa aliyesafiri wiki nzima. New York gari linalokutwa kwenye nafasi ya filamu huhamishiwa mtaa wa jirani bila mwenyewe kutozwa. Katika jiji nililofanyia kazi, gari lilivutwa hadi yadi ya mbali na mwenyewe akalazimika kulipa ili alikomboe. Jambo hili linanikera kwa dhati. Si haki mtu atozwe kwa kuegesha mahali palipokuwa halali siku alipoegesha, na gharama hiyo ingepaswa kubebwa na sisi tulioomba nafasi.

Kuhusu usalama sina la kulalamika. Hakuna ada inayonunua nafasi mbele ya bomba la zimamoto, kwenye kituo cha basi au kwenye kona ya makutano, na barabara lazima ibaki na upana wa kupitisha gari la zimamoto. Mwongozo wa Uingereza hutaka mita 3.7 kati ya kingo, na kanuni za moto zinazotumika sehemu nyingi za Marekani hutaka futi 20, yaani takriban mita 6.1. Nyaya zinazokatiza njia ya miguu hufunikwa kwa vifuniko vyenye mteremko ili kiti cha magurudumu kipite.

Limebaki suala la mawasiliano. Ofisi hujibu barua pepe haraka na kwa adabu, lakini kazi ya mtaani mara nyingi huandaliwa usiku, ofisi ikiwa imefungwa, na askari wa trafiki aliye zamu hana habari ya kibali zaidi ya nakala iliyo kwenye kioo cha lori. Kwa hiyo msimamizi atakayeomba kibali hiki aombe pia, kwa maandishi, namba ya simu inayopokelewa usiku, aongeze mita mbili hadi tatu kwa kila lori lenye lifti, na aambatishe ratiba ya kuingia na kutoka kwa kila gari hata kama fomu haikuiuliza. Ratiba ikigongwa muhuri pamoja na mchoro, huwa sehemu ya kibali, na askari wa zamu ataisimamia kama anavyosimamia urefu wa nafasi.