GOG: Gemu ukiinunua, toleo lake ubaki nalo

Assalaam aleikum, watazamaji wangu. Leo niko nyumbani Kisauni, Mombasa, feni inazunguka juu, na mbele yangu kuna laptopu isiyo na intaneti. Tazameni kwenye kona hapa: waifai nimeizima. Sasa nabofya faili hili... linasakinisha. Haliulizi neno la siri, haliombi ruhusa kwa mtu. Ndiyo sababu leo nawaletea GOG, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta lililoanzia Poland mwaka 2008.

Mnaikumbuka San Andreas, ile gemu ya Grand Theft Auto? Ilitoka 2004, na redio za mle ndani ya gari zilikuwa nusu ya utamu wake. Mwaka 2014 leseni za baadhi ya nyimbo zilikuwa zimeisha, likaja sasisho la kompyuta, nyimbo zaidi ya 10 zikaondolewa. Hata aliyelipa zamani, gemu yake ikapunguzwa. Mwenye diski ya mwanzo ndiye aliyebaki nayo nzima.

Nami yalinifika. Gemu niliyonunua duka jingine ilijisasisha usiku, asubuhi sevu, yaani pale tulipohifadhi mchezo wetu, ya mwezi mzima haifunguki. Mpwa wangu alilia, wallahi, na sikuwa na toleo la nyuma la kumrudishia.

GOG wanakupa faili la kusakinisha ukae nalo. Lakini kuweni makini: gemu kubwa huja vipande vipande, faili la setup na mengine ya bin, kila moja GB 4 hivi. Ukikosa kipande kimoja, kazi bure. Someni jina la faili pia, namba ya toleo imo humo humo. Msilibadilishe. Mwaka ujao namba hiyo ndiyo itakayowaambia mna nini mkononi.

Kasoro yake ni hii: toleo jipya likitoka, faili la zamani kwa kawaida huondoka kwenye ukurasa wako. Programu yao, Galaxy, huweza kurudisha baadhi ya gemu nyuma, ila hapo bado unawategemea wao. Kwa hivyo pakueni mapema, na jipya likija, la zamani msilifute.

Mimi hupakua kwa rafiki mwenye faiba, maana bando halitoshi. Kisha nanakili kwenye diski mbili: moja hapa, moja kwa dada yangu Likoni. Hewa yetu hii ya chumvi haina huruma, waya wangu wa kwanza ulishika kutu kichwani. Sasa naziweka ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kila baada ya miezi michache nazichomeka, nasakinisha gemu moja nione kama inakubali.

Nawapa 8 kati ya 10. Wangeyaacha matoleo ya zamani yakae kando ya jipya, ningewapa zote.

Haya, imemaliza. Sevu ya mwaka juzi... imefunguka! Mjomba, njoo uone, gari lako bado liko pale pale ulipoliegesha.