Simu ya mezani kwenye intaneti: adapta ya FXS au ya FXO?

Ukiwa Kampala na bado una namba ya mezani inayoanza na 0414, swali la kwanza ni hili: unataka kubaki na laini hiyo, au unataka kubaki na chombo chenyewe tu?

Kama ni chombo tu, chukua adapta (kisanduku kinachounganisha simu ya mezani na intaneti) yenye tundu la FXS, yaani tundu la kuchomekea simu yenyewe. Waya mmoja unaenda kwenye ruta, mwingine kwenye simu. Adapta ndiyo inayoipa simu umeme, mlio na kengele. Ni rahisi, na kwa nyumba nyingi inatosha. Ila usichomeke humo waya unaotoka ukutani, maana umeme wa laini unaweza kuiunguza adapta.

Kama unataka kubaki na laini, laini ya ukutani huingia kwenye tundu la FXO, yaani tundu la kupokea laini ya kampuni ya simu. Hapo anayepiga namba yenu ya zamani anapokelewa na mfumo wa intaneti, na simu inaweza kulia hata kwenye simu ya mkononi ukiwa Jinja. Bei yake huwa juu, na kuipanga ni kazi: usipoweka sawa namna ya kutambua kwamba mwenzako amekata, laini inabaki wazi, kama vile simu haijakatwa.

Simu za intaneti hula bando, na bando nalo lina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Kodeki (namna ya kubana sauti ili isafiri kwenye intaneti) ya G.711 hula takribani MB 80 kwa saa, G.729 hula chini ya nusu ya hapo.

Umeme ukikatika, adapta na ruta huzima pamoja, wakati laini ya shaba hulishwa umeme kutoka kituo cha kampuni ya simu. Kwa mwenye wazee nyumbani, mimi ningechagua FXO, na betri ya akiba juu yake.